Taa ya bei ndogo kwa kimbilio la samaki



Wiki mbili zilizopita, kikundi kilipomaliza mkutano, mama mmoja alitubakiza nyuma ili atuulize jambo ambalo hatukulitazamia. Mtoto wake wa kiume, mwanafunzi wa sekondari, anafuga samaki wadogo wa rangi katika sanduku la vioo sebuleni. Mjomba wake alimletea kutoka Kalemie, ndani ya bidoni. Kando ya sanduku kijana ameweka beseni la pili, dogo, linaloungana na la kwanza kwa mpira wa maji, na ndani yake anataka kuotesha majani ya kusafisha maji. Mjini akaambiwa kwamba bila taa ya pekee, ile yenye mwanga wa zambarau, majani hayataota na samaki watakufa. Bei ya taa hiyo inakaribia minervali ya miezi mitatu. Mama alikuwa anangojea zamu yake ya likelemba. "Mwalimu," akasema, "ninunue ao niache?"

Tulimjibu aache, minervali ilipwe kwanza, na samaki wabaki hai. Leo tunaeleza kwa nini, sababu tumejua kwamba si yeye peke yake. Kuna vikundi vinavyolea vifaranga vya samaki aina ya tilapia katika mabeseni kabla ya kuvipeleka bwawani, na swali la majani na taa ni lile lile.

Wengine waliosikia walicheka: samaki wa kutazama, asiyeingia hata kwenye sufuria ya kuandamana na bukari! Sisi hatukucheka. Kijana anayekaa nyumbani jioni akipima maji, akihesabu samaki na kuandika katika daftari, anajifunza kemia na biolojia kuliko tunavyoweza kumfundisha kwa chaki. Tena yuko nyumbani.

Tuanze na hilo beseni la pili. Wafugaji wa samaki wa bahari ndio walioizoeza dunia desturi hiyo. Wanaliita kwa neno la Kilatini, refugium, maana yake kimbilio. Ndani yake wanaotesha mwani, yaani majani ya baharini, mahali ambapo samaki hawawezi kufika kuyatafuna. Mmoja wa walioeleza kazi hiyo vizuri ni Walter Adey wa Smithsonian, huko Washington, aliyesafisha maji ya mabeseni makubwa kwa mwani ulioangaziwa taa, na mwaka 1991 akatoa kitabu pamoja na Karen Loveland kiitwacho Dynamic Aquaria. Wamama wa Zanzibar wanamjua ndugu wa mbali wa mwani huo bila kuhitaji taa hata moja: tangu mwaka 1989 wanalima mwani huko Paje na Jambiani, wameufunga kwenye kamba katika maji ya kina kifupi, na jua linafanya kazi bure. Hapa Likasi bahari iko mbali, lakini kanuni haibadiliki.

Samaki anakula, anachafua maji. Uchafu huo unatoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Vijidudu vinavyokaa kwenye mawe na mchanga vinaigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, isiyo kali sana lakini inayoendelea kuongezeka. Nitrati hiyo ndiyo chakula cha majani, sawa na mbolea shambani. Majani yakikua, ukiyakata na kuyatoa, umeutoa uchafu nje ya maji. Basi.

Kwa samaki wa Tanganyika jambo hili lina uzito zaidi. Maji ya ziwa lile si ya chumvi kama ya bahari, lakini yamebeba madini mengi na pH yake inakaribia 9. Na amonia ina tabia hii: kadiri pH inavyopanda, ndivyo sumu yake inavyozidi. Kiasi ambacho samaki wa mtoni angekivumilia kinaweza kumwua samaki wa Kalemie. Tena wengi wa samaki wale wanakula majani yanayoota juu ya mawe. Ukiweka majani ndani ya sanduku lao, asubuhi hutayakuta. Kwa hiyo kijana hakukosea kutaka beseni la pili. Wa kuangaliwa ni yule aliyemwambia habari ya taa.

Mwanga wa zambarau una ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo maana unauzika. Rangi ya kijani ya jani inapenda kupokea mwanga wa buluu na mwekundu kuliko mwanga wa kijani, ambao sehemu yake inarudishwa, na ndiyo sababu jani tunaliona la kijani. Wenye viwanda wakachanganya buluu na nyekundu, ikatoka zambarau, wakaiita taa ya mimea. Lakini taa nyeupe ya LED nayo ina buluu na nyekundu ndani yake. Jua lenyewe linaonekana jeupe, na hakuna shamba linalolalamika. Kwa beseni la lita 20 ao 30, ampuli nyeupe ya kawaida, ile unayoweka jikoni, inaotesha majani vizuri. Na faida nyingine: chini ya mwanga mweupe unaona kama jani limekuwa njano ao maji yamechafuka. Chini ya zambarau kila kitu kinafanana.

Sasa namna ya kuchagua hiyo ampuli nyeupe. Kwenye kashi yake kuna namba, na wamama wengi wanatazama moja tu, ile ya wati, sababu tumezoea kwamba wati nyingi ni mwanga mwingi. Hiyo ilikuwa kweli wakati wa ampuli za zamani zenye uzi wa moto. Wati inasema ni umeme kiasi gani unaliwa. Mwanga unaotoka unasomwa kwenye lumeni, imeandikwa lm. Ampuli ya zamani ya wati 60 inatoa karibu lumeni 700 ao 800, na umeme mwingine wote unageuka joto. LED ya wati 9 inatoa mwanga kama huo. Muwe macho na kashi zinazoandika 60 W kwa herufi kubwa, na chini, kwa herufi za sisimizi, wanasema kwamba ni sawa na ampuli ya zamani ya wati 60. Tafuteni lumeni. Kwa beseni dogo, lumeni 800 hadi 1000 zinatosha.

Namba ya tatu ina herufi K. Inaonyesha rangi ya mwanga. 2700 ao 3000 ni njano kama ya mshumaa, mzuri wa chumbani. 6500 ni mweupe wa mchana. Majani yatakua chini ya zote mbili, lakini sisi tunachagua 6500, ama kitu kilicho karibu nayo, sababu una buluu ya kutosha na bei kwa kawaida haitofautiani.

Kabla ya kutafuta ampuli kubwa zaidi, sogezeni ile mliyo nayo. Mwanga unatawanyika: mkiipunguza nusu umbali kati ya ampuli na maji, mwanga unaofika mahali pale unakaribia kuwa mara nne. Ampuli inayoning'inia darini inaangazia sebule nzima na kulipa beseni makombo. Ampuli ile ile ikishuka hadi sentimita 20 juu ya maji, na kuzungukwa na kifuniko cha bati lililopakwa rangi nyeupe ama kufunikwa karatasi ya aluminiamu, itafanya kazi ambayo muuzaji alisema inahitaji taa ya Ulaya. Kijana alitengeneza kifuniko chake kwa kopo la maziwa ya unga. Hakikugharimu kitu.

Saa ngapi kwa siku? Anzeni na saa 8. Majani yakikua polepole, ongezeni hadi 10 ao 12. Wenye haraka wanaacha taa inawaka usiku na mchana, halafu wanashangaa kuona utelezi wa kijani umefunika kioo chote. Mwanga mwingi pasipo majani ya kutosha kuutumia unalisha utelezi.

Kuna jambo zuri ambalo wafugaji wa bahari waligundua kuhusu saa hizo. Mchana majani yanatoa oksijeni. Usiku, gizani, yanaivuta, na samaki nao wanaivuta, kwa hiyo kabla ya mapambazuko inakuwa kidogo kabisa. Mkiona samaki wamepanda juu alfajiri wanahema midomo wazi, ndiyo saa yao mbaya. Basi wafugaji wanaliwashia kimbilio taa usiku, wakati sanduku kubwa liko gizani. Upande mmoja unalala, mwingine unafanya kazi, na oksijeni haishuki sana. Kwa Likasi, hilo linategemea mwenye umeme amelala upande gani.

Maana tunakaa katika mji wa ajabu. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilianza kutoa umeme mwaka 1930, kwa ajili ya viwanda vya Union Minière, na samaki wa ziwa Tshangalele tunaowala wanatoka nyuma ya ukuta huo huo wa maji. Koni iko chini yake kwenye mto ule ule. Nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, na sisi tunatafuta mshumaa. Hatutaki kuanza malalamiko yale leo. Tunasema tu kwamba mpango wa taa unaotegemea SNEL peke yake ni mpango wa nusu, na mtu anayewauzia taa ya wati 50 hajauliza umeme unakuja saa ngapi kwenu.

Tufanye hesabu kama darasani. LED ya wati 9 ikiwaka saa 10 inakula wati-saa 90 kwa siku. Kwa siku 30 ni 2700, yaani kilowati-saa 2.7. Ampuli ya zamani ya wati 60, kwa saa hizo hizo, inakula kilowati-saa 18. Kwa wenye mashine ya kununua umeme kwanza, tofauti hiyo ni chakula. Na kwa wenye kutumia jua ndiyo inayoamua kama jambo linawezekana ama haliwezekani.

Mwenye kibao kidogo cha jua cha wati 20, akipata saa 5 za jua zuri, anavuna wati-saa 100, na baada ya hasara za njiani tuseme 70. Betri ndogo ya volti 12 yenye amperi-saa 7 inashika wati-saa 84, lakini betri za risasi haziishi muda mrefu zikikaushwa, kwa hiyo mtumie nusu, yaani 42. Taa ya LED ya volti 12 yenye wati 5 itawaka saa 8 kwa kiasi hicho. Ni mwanga mdogo kuliko wa wati 9, lakini ukiwa karibu na maji na kifuniko cheupe, unatosha beseni la lita 15 ao 20. Na beseni hilo halitajua kama SNEL imekata.

Njia ya bei ndogo kuliko zote ni dirisha. Kimbilio likiwekwa karibu na dirisha la mashariki linapata jua la asubuhi bila joto kali. Sanduku la samaki wenyewe lisikae pale. Mwezi wa Kumi, kabla ya mvua kuanza, kioo kilichopigwa na jua la mchana kinapika. Mama mwenye dirisha zuri anaweza kutumia jua la asubuhi na kuongeza taa saa 3 ao 4 jioni, akagawa gharama nusu kwa nusu. Tunapenda njia hiyo kuliko nyingine.

Neno moja kuhusu baridi. Mwezi wa Sita na wa Saba, watu wengine wanasema ampuli ya zamani ni bora sababu inapasha maji. Ni kweli inatoa joto, lakini juu ya maji zaidi kuliko ndani, na ikizimika saa mbili usiku samaki wanabaki na baridi kali zaidi ya ile waliyoizoea. Funikeni sanduku kwa blanketi pande tatu wakati wa usiku, na muliondoe mbali na mlango. Taa iachiwe kazi ya taa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mama yule hakuuliza, na kwetu ndilo la kwanza. Maji, umeme na watoto viko mahali pamoja. Ampuli inayoning'inia sentimita 20 juu ya beseni kwa waya uliofungwa na skochi ni hatari kuliko amonia. Ampuli ifungwe mahali ambapo hata ikitikiswa haiwezi kuanguka majini. Kamba mbili ni bora kuliko moja. Weka kioo ama plastiki safi kati ya taa na maji, sababu mvuke unapanda na kuingia kwenye kikombe cha ampuli. Waya ushuke chini ya prizi kwanza, ufanye tumbo, halafu upande kwenye prizi: tone la maji likifuata waya litaanguka pale tumboni, halitaingia kwenye umeme. Prizi ya kurefusha isilale sakafuni chini ya beseni. Na mtu yeyote, awe kijana ama baba yake, achomoe waya kabla ya kutia mkono majini, hata kama anasema ni sekunde moja. Nyumba zetu nyingi hazina waya wa ardhini. Hapo ndipo taa ya volti 12 inaposhinda zote: hata ikianguka majini, haiwezi kumwua mtoto. Kama kuna wadogo nyumbani, sisi tungechagua hiyo hata kama mwanga wake ni mdogo.

Kuhusu majani yenyewe, msiende kununua. Kalembula inatosha. Chukua shina la kiazi kitamu, lisimamishe ili mizizi iote ndani ya maji na majani yabaki hewani, chini ya taa. Katika wiki mbili utaona mizizi meupe imejaa beseni. Inakula nitrati kwa pupa, na ukiikata inachipua tena. Kama hamjatia dawa yoyote majini, na maji yenyewe ni ya kuaminika, majani yale yanalika. Kama mmetia dawa, yapewe mbolea.

Wengine watataka majani ya kuelea yanayopatikana kwenye mabwawa. Yanafanya kazi, lakini tunasita. Katika maji yaliyotulia kuna konokono wanaobeba kichocho, na mtoto akitumwa kuyachota ataingia hadi magotini. Kalembula inatoka shambani.

Na sisi watu wa Likasi tuna onyo letu wenyewe. Shaba, hata kidogo sana ndani ya maji, inaua konokono, inachoma mwani na kuumiza samaki. Msichote maji kwenye mito inayopita chini ya viwanda. Msitumie waya wa shaba uliovuliwa ngozi kufunga taa juu ya beseni, kama tulivyoona kwa jirani mmoja, sababu unyevunyevu unaulamba na matone ya kijani yanaanguka ndani. Tumieni kamba ya nailoni. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi siku moja ao mbili ili klorini itoke, halafu ndiyo yaingie.

Mtajuaje kama taa inatosha? Tazameni majani, si ampuli. Shina likirefuka na kuwa jembamba, likinyoosha shingo kuelekea taa, majani yakiwa madogo na ya njano, mwanga ni mdogo: shusheni taa kabla ya kununua nyingine. Majani yakiwa na madoa yaliyokauka pale yanapokaribia ampuli, pandisheni. Kioo kikijaa utelezi, punguzeni saa. Kijana aandike kila Jumapili urefu wa shina na idadi ya samaki. Baada ya mwezi daftari lake litamwambia mengi kuliko muuzaji.

Mama yetu alinunua ampuli moja ya wati 9, K 6500, na kikombe chake. Bei ilikuwa sehemu ndogo sana ya ile ya zambarau, na likelemba imekwenda shuleni. Kalembula imeshika mizizi. Samaki mmoja alikufa wiki ya kwanza, wengine saba wanakula.

Walio na ampuli nyumbani na hawajui kusoma kashi zake, walete kashi hizo Jumamosi baada ya mkutano. Tutakaa nao chini ya mwembe na kuzisoma moja moja. Na wale wanaolea vifaranga vya samaki, waje na chupa ya maji ya beseni lao na hesabu ya chakula wanachowapa kwa siku, maana wiki ijayo ukurasa huu utazungumza juu ya chakula.